Chumba 207 Kinaona Nini: Kumuaga Zdravka Kalcheva wa Mapokezi

Tarehe 30 Septemba 2025, saa nane mchana, Bi. Zdravka Kalcheva atakabidhi funguo za mapokezi ya Hoteli Sedef, hapa Tsarevo, pwani ya Bulgaria, baada ya kazi ya miaka thelathini na minane na miezi mitano. Ameomba hiyo miezi mitano isisahauliwe. Ni miezi ya msimu wa wageni, anasema, na mwezi mmoja wa msimu ni sawa na mitatu ya kawaida.

Tangu habari ya kustaafu kwake ilipobandikwa ukutani mwezi wa sita, swali moja limekuwa likizunguka jikoni, kwenye chumba cha kufulia na hata kwa wageni wetu wa zamani: akiondoka Dada Zdravka, simu ya Sedef itaendelea kusema ukweli? Wanaoijua hoteli hii wanajua kwamba si swali dogo. Wasioijua wataelewa wakisoma kisa cha maisha yake ya kazi.

Alianza tarehe 1 Mei 1987, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, kama mtandika vitanda. Wakati huo Sedef ilikuwa nyumba ya mapumziko ya kiwanda cha nguo, na wageni hawakuchagua chumba. Walipewa karatasi kiwandani, wakaja, wakalala walipoelekezwa. Dada Zdravka aliona jambo lililomshangaza: watu wa chumba 112 walikuja kunywa chai ya asubuhi macho mekundu, na wa 113 walikuja wakiimba. Alipowauliza wa 112, walimjibu, "Kuzuri tu, asante." Mgeni aliyeletwa na kiwanda halalamiki.

Basi alasiri moja, alipomaliza kutandika, alivua viatu akajilaza mwenyewe katika 112 kwa robo saa. Akasikia. Nyuma ya ukuta pampu ya maji ya kufulia ilikuwa ikigonga kama punda anayetaka kufunguliwa mlango. Aliandika hilo nyuma ya karatasi ya hesabu ya mashuka, na karatasi hiyo bado ipo, imegundishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake.

Tangu siku hiyo amevilalia vyumba vyote arobaini na sita, mara tatu kwa mwaka: Aprili, Julai na Septemba. Vyumba vinne kwa siku, robo saa kila kimoja, kuanzia saa tisa alasiri, saa ambayo mgeni amechoka na hana subira. Kwa nini mara tatu? Kwa sababu chumba hubadilika tabia kama mtu, anasema. Kinaweza kuwa mpole Aprili na mkali Julai.

Mzee Neycho, mpishi wetu, amemtania kwa miaka thelathini. "Huyu ndiye mfanyakazi pekee wa Bulgaria anayelipwa kulala!"

"Na wewe unalipwa kuonja," Dada Zdravka humjibu. "Nani kati yetu anaonekana kufanya kazi zaidi? Tazama mkanda wako."

Madaftari sasa yamefika matano. Ukiyafungua hukutani na maneno mengi. "118: harufu ya dagaa wa kukaanga, saa sita hadi saa nane. Apewe anayependa dagaa." "305: jua la asubuhi usoni. Asipewe mwanafunzi." "410: lifti inakohoa. Muulize kwanza kama usingizi wake ni mzito." Mahali pamoja ameandika tu: "216. Sijui kwa nini, lakini watu hapa hupatana."

Mwaka 1996 alihamishiwa mapokezi na kukabidhiwa simu. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kujifunza kwake namna ya kutafuta chumba cha pwani bila kujuta. Anapoulizwa kama chumba kinaona bahari, humwambia mwenye kuuliza kwamba swali hilo halitoshi, maana hata dirisha la bafuni linaweza kuiona ukisimama juu ya beseni. Aulize hivi: nikikaa kitandani, naona nini? Na chini ya dirisha langu kuna nini, na kinaanza kelele saa ngapi? Huwashauri watu wapige simu baada ya saa tisa alasiri, wageni wa kuondoka wakiwa wameshaondoka, na waandike jina la aliyewajibu. Mwenye nafasi huambiwa aje Septemba, kwa sababu bahari hutunza joto kama tanuri lililozimwa. Na akifika, kabla hajafungua sanduku, afunge mlango, akae kimya, asikilize. Kama kuna kasoro aiseme siku ile ile. "Malalamiko ya siku ya mwisho," anasema, "ni barua tu. Ya siku ya kwanza ni chumba kingine."

Sasa kuna kisa cha mwaka 2011, ambacho Bwana Plamen Dochev, mkurugenzi wetu, ameruhusu kichapwe hapa kwa sharti moja litakalotajwa mbele.

Bwana Dochev alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Alifika mwezi wa tatu na mpiga picha, akapiga picha za vyumba vyote vya ghorofa ya pili. Zilikuwa picha nzuri mno, bahari imejaa dirishani. Akaziweka kwenye mtandao na vyumba vikaanza kukodiwa bila hata kupitia simu. Lakini mbele ya Sedef kuna miforosadi tisa, na mwezi wa tatu miforosadi haina hata jani moja.

Mwezi wa saba alifika Bwana Tihomir kutoka Ruse pamoja na mama yake, Bibi Yonka, mwenye miaka themanini na mmoja. Miguu ya bibi haikuweza kumfikisha ufukweni, ndiyo maana mwanawe alikuwa amechagua 207, ili aitazame bahari akiwa kitandani. Alimkalisha, akashika pazia.

"Mama, jiandae. Nafungua bahari."

Akafungua. Bibi Yonka alitazama kwa muda.

"Mwanangu, hii ni bahari au ni bustani ya mjomba wako?"

Bwana Tihomir alishuka na picha mkononi. "Dada, bahari yangu iko wapi?"

"Iko palepale, kaka. Picha ilipigwa mwezi wa tatu, majani hayajatoka."

"Kwa hiyo nimlete mama mwezi wa tatu, aogelee na koti?"

Dada Zdravka hakujitetea, wala hakusema kwamba picha si zake. Alisema, "Tumekosea. Nipe nusu saa." Hoteli ilikuwa imejaa. Alipanda ghorofa ya nne, akatoa meza za pasi kwenye chumba cha mashuka na kuziweka kwenye ujia, akaingiza kitanda, akakielekeza dirishani, juu ya vilele vya miti. Bibi Yonka aliiona bahari kutoka kwenye mto wake kwa siku kumi. Alikuwa akitukunjia vitambaa vya mezani bila kuombwa, na bila kuvitazama.

Bwana Dochev alipoona meza za pasi kwenye ujia, alishuka akiwa amekasirika. Wageni watatu wengine walikuwa wameshaambiwa ukweli kwa simu wiki hiyo, nao wameghairi.

"Zdravka, wewe unakodisha vyumba au unafukuza watu?"

"Nawaambia watakachokikuta."

"Basi sikia. Jumatatu saa tisa na nusu anakuja mtu wa msumeno. Miti inaondoka, bahari inarudi. Na ukiendelea kuwaambia watu hawataiona, utaifuata hiyo miti."

Hilo halikuwa tishio la hasira tu. Barua yake ya kuachishwa kazi ilikuwa imeshachapwa. Mumewe alikuwa mgonjwa mwaka ule, na Tsarevo haina waajiri wengi majira ya baridi.

"Sawa, Bwana Mkurugenzi," alisema. "Lakini Jumatatu saa tisa, kabla ya msumeno, naomba ulale."

"Nilale wapi?"

"Robo saa ghorofa ya tatu, robo saa ya pili. Viatu uvue."

Pengine Bwana Dochev alikubali kwa kushangaa tu. Jumatatu alijilaza kwanza katika 307, juu ya miti, palipochomwa na jua tangu asubuhi. Alitoka baada ya dakika sita, shati limemganda mgongoni. Kisha akaingia 207. Pazia lilikuwa wazi na majani yalikuwa yakitikisika dirishani, yakipaka dari kijani. Chumba kilikuwa baridi kama pishi.

Mtu wa msumeno alifika kwa wakati. Alisubiri mapokezi, akanywa kahawa mbili, akauliza kama yupo mtu wa kumwonyesha miti. Hakuna aliyethubutu kumwamsha mkurugenzi. Akaondoka.

Bwana Dochev alishuka saa kumi na moja, nywele zimesimama upande mmoja na alama ya mto shavuni. Alisimama mbele ya meza.

"Kile chumba tunakiitaje kwenye tangazo?"

"Chumba chenye mwonekano wa bahari," alijibu Dada Zdravka.

"Futa. Andika: chumba cha majani."

Miforosadi tisa ipo hadi leo. Kila chumba chetu sasa kina picha mbili, ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa saba, zikiwa zimekaa pamoja, na vyumba vya majani ndivyo vinavyojaa kwanza kiangazi. Bwana Tihomir amerudi mara kumi na nne. Sharti la Bwana Dochev lilikuwa isemwe kwamba hakukoroma. Dada Zdravka alipoulizwa, alisema yeye husema ukweli kuhusu vyumba tu.

Turudi kwenye swali la simu. Mwezi wa sita aliletewa msichana aliyetoka kumaliza shule, ambaye ndiye anayeandika haya, na ambaye simu ilikuwa ikimtia kigugumizi. Hakumpa madaftari ayasome. Alimlaza katika vyumba vyote arobaini na sita, na kila alipotoka alimwuliza, "Haya, umesikia nini?"

Tarehe 9 Septemba, siku ya mapumziko ya Dada Zdravka, simu ililia. Alikuwa bibi mwenye sauti nzito, akasema anapiga kutoka Pleven. Bwana Dochev alikuwa amesimama karibu na meza.

"Mwanangu, nimeona picha ya 207. Bahari imejaa dirishani! Nakitaka wiki ya kwanza ya Julai."

"Bibi, hiyo ni picha ya mwezi wa tatu. Julai utaona majani."

"Aa, usinivunje moyo. Sema tu bahari ipo, tumalizane."

"Ipo, bibi, lakini hutaiona. Na forosadi huanguka, usianike nguo nyeupe barazani. Ila saa tisa pana ubaridi mzuri sana."

"Na ile pampu?"

"Pampu iko 112, bibi, na siku hizi…"

Hapo msichana alinyamaza, kwa sababu hakuna mtu wa Pleven anayeijua pampu.

"Niandikie hicho 207," ilisema sauti, ambayo sasa haikuwa nzito tena. "Jina ni Kalcheva. Na usiseme 'ila' haraka hivyo. Mpe mtu nafasi ya kusikitika kwanza."

Wafanyakazi wote wameamua wiki hiyo ya Julai iwe zawadi yao kwake. Katika miaka thelathini na minane Dada Zdravka hajawahi kuwa mgeni wa hoteli yoyote, hata hii.

Baada ya hotuba tutatoka wote nje. Kila mgeni aliyeondoka Sedef, Dada Zdravka amemmwagia maji ngazini ili safari yake iteleze kama maji, kama mama zetu wanavyotufanyia asubuhi ya mtihani. Safari hii mtungi tutaushika sisi. Tafadhali vaeni viatu visivyoteleza.

Dada Zdravka, tunakushukuru kwa kila robo saa. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na Julai uje kwa mlango wa mbele, ulale kadiri upendavyo. Chumba 207 tulikilalia jana saa tisa. Tumesikiliza vizuri. Hakuna kinachogonga.