Daktari wa Usingizi wa Paka: Dkt. Wanza Kiti (1961–2025)

Marehemu Dkt. Wanza Kiti alizaliwa Makadara tarehe 9 Aprili 1961, binti wa Mzee Mutiso, karani wa reli, na Mama Ndinda. Alisoma hapa Mombasa, kisha akaenda Nairobi kusomea utabibu wa mifugo, akahitimu mwaka 1986. Babake alitazamia atarudi kutibu ng'ombe wa ukoo. Yeye alichagua paka wa Mji wa Kale, na mzee alichukua miaka kumsamehe.

Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa na Bwana Ngowa Kiti, wa maghala ya Shimanzi. Bwana harusi alisubirishwa kanisani, maana bi harusi alikuwa amekaa na paka wa jirani aliyekawia kuzindukana. Alifika na manyoya kwenye shela, na mumewe hakuacha kumtania kwa hilo.

Zahanati yake, nyuma ya Biashara Street, ndiyo iliyokuwa darasa. Kila Jumamosi wanafunzi wa utabibu wa mifugo walijifunza kuwatia nusukaputi paka wanaofungwa uzazi. Paka wa mtaani ni ngozi na mfupa. Dawa ikizidi kidogo, haamki. "Kumlaza si kazi," aliwaambia. "Kazi ni kumwamsha." Aliyetazama simu kabla paka hajainua kichwa alitolewa nje, awe mtoto wa nani. Kweli ni kwamba marehemu aliogopa kuwaachia. Hata mikono yao ilipokomaa, aliwasimamia yeye mwenyewe.

Saratani ilipogunduliwa Februari mwaka huu, alikataa katakata kulazwa. Jumamosi nani atawasimamia? Mumewe alibembeleza, watoto wakalia, wapi. Mwisho miguu ndiyo iliyomkatalia. Jumamosi ya tarehe 13 Septemba wanafunzi walifanya kazi bila yeye, chini ya Dkt. Nekesa, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Kutwa marehemu hakugusa uji. Jioni Nekesa akapiga simu.

"Daktari, wameamka wote. Yule mwembamba alikawia, lakini tulikaa naye."

Marehemu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Baba Arnold," akamwambia mumewe, "nipeleke hospitali. Sasa naweza kulala."

Alipata dawa, maumivu yakatulia, na alfajiri ya tarehe 16 akafariki usingizini. Tunalia, lakini mioyo yetu imetua.

Ameacha mume, Bwana Ngowa. Watoto, Arnold na Beryl. Na kaka, Benard. Wanafunzi wake hamtawaona hapa kaburini. Leo ni Jumamosi, na aliwausia wasije.

Mungu amlaze mahali pema. Amekesha vya kutosha.