Mgongo Ulioogopa Udongo

Marehemu Ghulam Mohiuddin, ambaye mji mzima wa Gujranwala ulimwita Mohi Pahlawani, yaani Mohi mwanamieleka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, mtoto wa tatu wa muuza maziwa Chiragh Din. Alisoma hadi darasa la tano. Mwalimu wake alilalamika kwamba mtoto huyu anavunja madawati kwa kuyakalia tu.

Mwaka 1953 alipeleka kilemba na sahani ya halua kwa Ustadi Feroz, mwalimu wa mieleka. Ustadi akamfunga kilemba kile kichwani, akawa mwanafunzi wake wa mieleka ya kulipwa. Tangu majira ya baridi ya 1958, kwa karibu miaka kumi na miwili, hakuna aliyeufikisha mgongo wake kwenye udongo wa uwanja, yaani kumshinda.

Watu waliona ushindi. Hajira Bibi, aliyefunga naye ndoa tarehe 2 Novemba 1962, aliona mumewe akisukuma kando bakuli la maziwa ya lozi bila kunywa. Kila aliposhinda, hofu ilizidi. Ngoma ya harusi ikilia mtaa wa pili, marehemu alishtuka akidhani ni ngoma ya kumwita uwanjani.

“Umemwangusha mwenzio leo, unaogopa nini tena?” Hajira Bibi alimuuliza.

“Mama Nasreen, yeye kishaanguka, analala usingizi. Mimi bado.”

Mwaka 1970 akatokea Imdad, mwanamieleka kijana wa mji wa Daska, mabega mapana kama mlango. Marafiki walimshauri marehemu, “Mfunge kilemba upesi! Mwanafunzi hashindani na ustadi wake. Rekodi yako itabaki salama.” Kilemba kikanunuliwa, halua ikapikwa, Imdad akaja akainamisha kichwa. Marehemu alikishika kile kitambaa muda mrefu, kisha akamkabidhi mkewe akitunze.

“Nikikufunga hiki leo,” alimwambia Imdad, “nitaogopa mpaka kaburini. Kula halua. Tukutane Ijumaa.”

“Nitakulaza chali, Pahlawani.”

“Meza kwanza, ndipo utishe watu.”

Ijumaa tarehe 16 Oktoba 1970, Imdad alimlaza chali. Hajira Bibi alisimama mlangoni roho mkononi, asijue ataletewa mtu wa namna gani. Marehemu aliingia na udongo mgongoni, akakataa kuoga, akalala. Asubuhi ngoma za harusi zilipita chini ya dirisha. Hakugeuka hata ubavu.

Baada ya hapo aliendesha duka la maziwa la baba yake hadi mwaka 2009, na hakuwahi kufundisha mtu.

Mwaka 2016 moyo wake ulianza kudhoofu, miguu ikavimba, na hofu ya zamani ikarudi. Alisikia ngoma ambazo wengine hawakuzisikia. Imdad, naye sasa mzee, alikuwa akija kutoka Daska kumpaka miguu mafuta ya haradali.

Jioni ya tarehe 11 Februari 2018 marehemu alimshika mkono kwa nguvu. “Imdad, ngoma inalia. Naitwa. Siwezi kusimama.”

“Ikilia, nitaingia mimi, Ustadi.”

Hakuwahi kumwita hivyo. Marehemu alimtazama, akamwomba mkewe alete kile kilemba. Imdad aliinama mpaka kitandani, akafungwa mizunguko miwili tu, nguvu za marehemu zikaisha.

“Sasa huwezi kunigusa,” marehemu alisema.

“Siwezi tena, Ustadi.”

Alifariki alfajiri, usingizini.

Ameacha mjane, Hajira Bibi, watoto wawili, Nasreen na Tanvir, wajukuu, na mwanafunzi mmoja, Imdad wa Daska, ambaye leo ameingia kaburini kumpokea, kilemba kichwani. Mwenyezi Mungu amrehemu, na udongo huu, alioukimbia kwa miaka mingi, umlaze bila hofu.