Shati la Meneja

Mbele ya karakana ya seremala, pale vumbi la mbao linapokuingia hadi masikioni, pana benchi refu ambalo kila saa nne asubuhi hujaa watu wenye kazi zao, ila kwa wakati huo hawazifanyi. Mwenye karakana wanamwita Randa. Pembeni yake hukaa Kasuku, fundi rangi, ambaye mdomo wake hufika kazini kabla ya brashi. Kisha Jaji, karani mstaafu wa mahakama, ambaye maishani hakuwahi kuhukumu hata kuku, lakini birika la kahawa ni lake, kwa hiyo na hukumu ni zake. Wa mwisho ni fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyepachikwa jina la Meneja kwa sababu jua liwake lisiwake, shati lake ni la mikono mirefu na vifungo vyote vimefungwa. Wenzake walidhani ni maringo, naye aliwaacha wadhani hivyo. Kule alikokuwa akishona zamani, mwenzake aliona kilichokuwa chini ya shati, na kesho yake akaanza kumtengea kikombe cha peke yake. Meneja alihama. Sasa mkewe ni marehemu, watoto wako mbali, na benchi hili ndilo limebaki kuwa jamaa zake. Hakuwa tayari kulipoteza.

Asubuhi moja walikuwa wanamjadili yeye mwenyewe, mbele ya macho yake.

— Nauliza tu, Kasuku alianza. Fundi gani anakataa kitambaa cheusi? Nimempelekea suti ya harusi ya dada yangu, kanirudishia kama nimemletea nyoka!

— Haoni uzi mweusi, Randa akasema. Macho yamezeeka, anaona aibu.

— Macho yangu mazima, Meneja alijitetea huku akicheka kicheko cha uongo.

— Basi kuna siri! Kasuku alirusha mikono hewani, kama kawaida yake, na safari hii mkono ukalipiga birika.

Kahawa ya moto ikamwagikia mkono wa Meneja. Randa aliruka, akakwanyua vifungo, akaupandisha mkono wa shati hadi begani kabla mwenyewe hajawahi kusema acha.

Kuanzia kiwiko kwenda juu kulikuwa na mabaka mekundu, mazito, yamefunikwa na magamba meupe, mengine yamepasuka. Meneja hakuyatazama. Aliitazama mikono ya Randa iliyokuwa bado imemshika, akasubiri imwachie.

— Ni mimi, Randa akasema kwa sauti ndogo.

— Nini wewe? Kasuku akauliza.

— Hili benchi. Mbao zake nilizitoa kwenye makreti ya dawa ya wadudu. Nilizipiga randa nikadhani sumu imeisha. Kaka, nimekuharibu.

— Acha kujipendelea, Kasuku akamkatiza. Ni rangi yangu! Nilipaka duka lake na yeye yumo ndani anashona. Nilimwambia avute pumzi kidogo kidogo.

— Tulieni, Jaji akasema. Kosa ni la kahawa. Birika hili sijaliosha ndani tangu nistaafu. Makusudi, ili ladha isikimbie.

— Hujaliosha? Kasuku alishika tumbo. Mzee! Si tumekunywa wote? Mbona sisi hatuna magamba?

— Bado.

Kasuku akaanza kujikuna shingo.

— Basi ni msumeno wangu, Randa akaongeza, sasa machozi yakimlengalenga. Ule mtetemo unapita ukutani, unaingia kwenye cherehani, unamfikia mwilini.

— Hapana, Jaji alikataa. Mimi niliandika viapo vya watu miaka yote ya kazi, na vingi vilikuwa vya uongo. Uongo ule ukaingia kwenye wino, wino ukanishika mkono, na mkono huu ndio unaommiminia kahawa. Kesi imefungwa. Mkosaji ni mimi.

Meneja aliwatazama. Miaka yote alikuwa akiogopa siku hii, akiota usiku wanavyosogea mmoja mmoja hadi mwisho wa benchi. Sasa watu wazima watatu walikuwa wanagombania lawama, na mkono wake bado umeshikwa. Kicheko kilimtoka, na safari hii hakikuwa cha uongo.

— Jamani, hamna hatia hata mmoja. Huu ugonjwa unaitwa soriasisi. Ninao tangu ujana, kabla sijawajua. Baba yangu mdogo naye alikuwa nao.

— Unaambukiza? Kasuku aliuliza, na Jaji akamkata jicho.

— Hauambukizi. Si kwa kikombe, si kwa kiti, si kwa kushikana mikono. Wala si uchafu. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba kinga ya mwili inakosea adui, basi ngozi mpya inakuja mbio kabla ile ya zamani haijaondoka. Ni kama Randa atengeneze viti na vya jana havijabebwa.

— Mlangoni hapapitiki, Randa akasema.

— Ndiyo hayo magamba. Na yanaanguka, Kasuku. Kwenye kitambaa cheupe hayaonekani. Ningekupa suti ya harusi imejaa vumbi langu?

Kasuku aliliinua birika, akalisimamisha.

— Na dawa? Jaji aliuliza.

— Ya kuumaliza kabisa hakuna, ya kuutuliza ipo. Nikitoka kuoga najipaka mafuta mazito, kisha dawa aliyoniandikia daktari, si ya kuokota dukani. Nisijikune. Ukizidi kuna vidonge na sindano, na viungo vikianza kuuma nimwambie mapema. Jua kidogo nalo lingenisaidia.

— Nawe umejifungia ndani ya shati! Kasuku akasema.

— Nilikuwa nawaogopa nyinyi, Meneja alisema. Na mawazo ndiyo yanauchochea. Mwezi tuliomzika mama watoto, nilijaa mwili mzima. Ahsanteni, ndugu zangu. Sijui niseme nini kingine.

Hapo ndipo walipogundua kuwa wana mgeni. Mwanamke aliyefuata sare za wanawe alikuwa amesimama kando, macho yake kwenye ule mkono, wala hakuonyesha kushtuka.

— Mama yangu anao, alisema. Mimi ndiye humpaka dawa. Na wewe kaka, mgongoni anakupaka nani?

Jaji, mwenye hukumu ya kila kitu, alitazama chini. Meneja alitaka kudanganya kwamba mgongoni hana, lakini mgongoni ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Tangu mkewe aondoke alikuwa anafunga kitambaa kwenye mwiko na kubahatisha, nusu ya dawa ikiishia kwenye shuka.

— Hakuna, alijibu.

Randa akamwachia mkono, akaenda bombani nyuma ya karakana. Walisikia maji yakimwagika muda mrefu. Alirudi mikono inachuruzika, imesuguliwa kwa sabuni hadi kwenye viwiko.

— Dawa iko wapi?

— Droo ya vifungo. Lakini Randa, si lazima...

— Twende. Na nyinyi wawili nendeni mkanawe, mgongo wa huyu ni mpana.

Ndani ya duka, nyuma ya pazia la kupimia nguo, Meneja alivua shati, akaegemea cherehani. Viganja vya seremala vilikuwa vigumu, lakini vilipita taratibu, baka kwa baka. Meneja alilia, na hakujificha.

— Nimekuumiza? Randa aliuliza.

— Hapana, kaka. Endelea.