Mama Picha na Foleni Aliyokataa Kuifuta

Familia inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa, majirani, na mameneja wa hoteli za kifahari popote walipo, wakiwemo watakaoshusha pumzi kwa nafuu, kwamba jicho la kulia la Mama Picha limefumba. La kushoto halina habari mpya. Lilikuwa likifumba kila siku kazini kwa miaka thelathini na minane.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi viatu na muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba sita na choo kimoja. Alikuwa akisema kwamba foleni ya asubuhi ndiyo iliyomfundisha kuhesabu. Mwalimu alikuja kumalizia tu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968, na mwaka 1978 akahitimu kidato cha nne. Alifaulu masomo yote isipokuwa kunyamaza. Ripoti yake ya kidato cha pili bado ipo kabatini, na mwalimu wa darasa ameandika, kama daktari anayetaja ugonjwa: “Anauliza sana.” Mwaka 1985 aliingia studio ya mtaani kujifunza upigaji picha. Studio ile ilikuwa na pazia moja tu, lililochorwa maporomoko ya maji, na watu waliokosa maji nyumbani walipanga mstari kupigwa picha mbele yake.

Tarehe 20 Desemba 1986 aliolewa na fundi majokofu, wakajaliwa watoto watatu. Mume alimkubali na kamera yake. Mama mkwe alivikataa vyote viwili. “Mwanamke gani huyo anayepanda mapaa na suruali?” alimwuliza mwanawe. “Leo la jirani, kesho atapanda langu.” Kuanzia siku hiyo shikamoo za mkwewe alizijibu kwa “mm”, na kwa miaka kumi hakuongeza hata silabi moja.

Hoteli moja ya kifahari mtaani kwao ilimwajiri mwaka 1988. Alipiga picha za vitanda vyenye mito minne, matunda yaliyochongwa hadi yakasahau kuwa chakula, na wageni wakicheka na vinywaji vyao. Mwaka 1996 aliagizwa apige bwawa jipya la kuogelea kwa ajili ya kalenda. Akapanda juu ya paa la chumba cha kufulia, maana ndipo bwawa lote lilipoonekana. Ndipo pia ulipoonekana upande wa pili wa ukuta: bomba moja, na wanawake kumi na mmoja wenye madumu ya manjano. Bomba hilo lilikuwa likikauka kila bwawa lilipojazwa. Akapiga vyote pamoja.

Ofisini waliipenda picha ile kuliko zote. Walisema manjano ya nyuma yanaendana na miavuli. Kalenda ikachapishwa, ikatundikwa kila chumba, mpaka mgeni mmoja akashuka mapokezi kuuliza yale maua ya nje ya ukuta yanaitwaje. Meneja akaleta kioo cha kukuzia, akainama, akainuka amebadilika rangi.

“Maua haya yana miguu!”

Akamwita marehemu. Kalenda itachapishwa upya, akasema, na wale watu wafutwe.

“Wote?”

“Wote.”

“Wa tatu, yule aliyeshika kiuno, ni mama mkwe wangu.”

“Kwa hiyo?”

“Nimfute hapa, halafu jioni nikamwamkie nani?”

Meneja akamweleza kwa upole kwamba ama wanawake wale waondoke kwenye picha, ama yeye aondoke kazini. Marehemu alijua anachochezea. Mwaka ule mume hakuwa na kazi ya kudumu, na karo za watoto watatu zilitoka hotelini. Wako wanawake ambao wangemfuta mama mkwe bila kuahidiwa chochote. Yeye alivua kitambulisho, akakiweka juu ya ile kalenda, akaondoka.

Kawaida yake ilikuwa kwamba picha ya mtu ifike kwanza kwa mtu mwenyewe. Basi akasafisha nakala kumi na moja, akazipeleka mlango kwa mlango. Ya mwisho ilikuwa ya mama mkwe, ambaye alikuwa ameshapata habari za kazi. Aliitazama muda mrefu.

“Mbona mgongo umepinda hivi?”

“Ni dumu, mama.”

“Mm.” Kisha, kwa mara ya kwanza: “Karibu ndani, mwanangu.”

Picha ikatundikwa juu ya kitanda, na kila aliyeingia aliambiwa: “Aliyeipiga kaacha kazi kwa ajili yangu. Mwanangu wa kumzaa hajawahi kuniachia hata kikombe cha chai.”

Kwa miaka ishirini na sita iliyofuata marehemu alipiga picha mbilimbili, za saa ileile. Mgeni akielea bwawani, mama akimwogesha mtoto kwenye beseni. Kitanda cha mito minne, na godoro ambalo walinzi wawili walilalia kwa zamu. Hotelini alikatazwa kukanyaga, kwa hiyo aliingia kama mpiga picha wa harusi. “Mama, umepigwa marufuku,” mlinzi alimwambia getini. “Kamwambie bibi harusi,” akajibu, akapita. Mwaka 2004 alizitundika zote kwenye ukuta wa hoteli, upande wa nje. Magazeti yakaja. Miezi mitano baadaye hoteli ikaleta bomba la pili, lenye bango kubwa kuliko bomba lenyewe. Akalipiga picha nalo.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara nne. Alifariki dunia tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na mama mkwe mwenye miaka tisini na moja, ambaye hapa msibani amekataa kiti cha pili na kukaa cha kwanza. Apate pumziko lenye amani; alisimama miaka mingi.

Wiki moja kabla hajafariki, mtoto wa dada yake alimsomea rasimu ya wasifu huu wodini, maana marehemu hakutaka kusifiwa bila kukagua. Alisikiliza mpaka sentensi ya mwisho, iliyokuwa ikimwita “sauti ya wasio na sauti”.

“Sauti wanazo,” akasema. “Inaonekana hujawahi kugombana nao.”