Kaluki Amefunga Mdomo

Ndinda: Haloo? Haloo! Nani ameshika huko?

Opereta: Kitui iko kwa laini, mama. Ongea.

Nzioka: Haloo, hapa ni misheni. Naongea na nani?

Ndinda: Ni mimi.

Nzioka: Mimi nani? Laini inakwaruza—

Ndinda: Ndinda! Ndinda wa Kaluki. Hata sauti yangu umesahau, Fatha?

Nzioka: Aa! Habari za huko? Hamjambo?

Ndinda: Hatujambo ya kusalimia tu. Nyinyi je?

Nzioka: Tuko salama. Tumebanwa tu, tunapeleka kwaya Nairobi kwa ile Kongamano ya Ekaristi. Gari iko nje sasa hivi, watu wanapanda. Papa mwenyewe atakuwa— nyanya anaendeleaje?

Ndinda: Ndiyo nimekupigia. Kaluki anatuacha, Nzioka. Hata uji hauteremki.

Nzioka: Si padri wa parokia alisema atampelekea Komunyo? Na mafuta ya wagonjwa?

Ndinda: Alikuja. Akasimama mlangoni na kile kikopo chake cha dhahabu. Akasema, nitampa, lakini huyu mwanamke atoke kwanza kwa hii boma.

Nzioka: Mwanamke gani?

Ndinda: Wewe unaniuliza mwanamke gani? Mimi, Fatha! Kwani boma hiyo iko na iweto wangapi?

Nzioka: Teremsha sauti kidogo.

Ndinda: Niteremshe ya nini? Mbumbuni yote inajua Kaluki hakujaliwa mtoto, akapeleka mbuzi kwa baba yangu, akanioa nizalie nyumba yake isizimike. Wakamba wamefanya hivyo toka zamani. Iweto si tusi.

Nzioka: Si tusi, lakini Kanisa—

Ndinda: Kanisa limemkalisha benchi ya nyuma toka siku nilipoingia kwake! Wenzake wanapanga laini kupokea, yeye amebaki na rozari mkononi. Hii njaa ya juzi, mahindi ya msaada ilipokuja, nani alikuwa akipikia watu kanisani? Si yeye? Lakini kwa Meza ya Bwana hana sahani.

Nzioka: Najua. Nimekulia hapo.

Ndinda: Basi kama unajua—

Nzioka: Padri anafuata sheria! Yeye anaona mwanamke ameoa mwanamke, na watoto wamezaliwa nje ya—

Ndinda: Nje ya nini? Mimi na Kaluki tulilala kitanda kimoja? Tulilima shamba moja! Watoto walilala njaa pamoja na wakashiba pamoja. Wewe ulikuwa mmoja wao, ama nakosea?

Nzioka: Hukosei. Lakini usiongee hivyo kwa simu, tafadhali.

Ndinda: Sawa. Mimi nikatoka.

Nzioka: Ulitoka? Ukaenda wapi?

Ndinda: Nikafunga leso yangu na sufuria moja, nikaja hapa Mbumbuni kwa kaka yangu Ndululu. Nikasema, mimi ni nani nimzibie Yesu mlango? Acha mama wa watu apokee, apumzike.

Nzioka: Basi ulifanya vizuri. Kama ameshapokea—

Ndinda: Ngoja kwanza! Dada yako Muthoki amefika hapa asubuhi, analia. Padri alirudi jana. Kaluki akamuuliza, Ndinda yuko wapi? Akajibiwa, amekwenda kwao, mama, sasa mambo yako ni safi. [anavuta pumzi] Kaluki akafunga mdomo.

Nzioka: Akafunga vipi?

Ndinda: Akafunga kabisa, akageukia ukuta. Padri anasema, Mwili wa Kristo. Kimya. Anasema tena, Mwili wa Kristo. Kimya. Ikabidi arudi nayo.

Nzioka: Aii! Nyanya naye! Maisha yake yote analilia kitu kimoja, kimefika mdomoni, anakataa!

Ndinda: Ati Ndinda arudi kwanza.

Nzioka: Basi rudi!

Ndinda: Nikirudi, padri hakanyagi pale. Nisiporudi, mgonjwa hafungui mdomo. Haya, niambie, nifanye nini?

Nzioka: Mimi nimechoka, kusema kweli. Huku sheria, huku nyumbani. Wacha nifike Nairobi, maaskofu wote watakuwa huko, nitamtafuta mmoja nimweleze pole pole—

Ndinda: Pole pole! Mtu ni wa leo ama kesho, unaniambia pole pole! Na hiyo mikono yako, siku ya upadri walikupaka samli?

Nzioka: Si hivyo—

Ndinda: Mtu akiwa anakufa, unaweza kumpa ama huwezi?

Nzioka: Naweza. Mtu akiwa hatarini, padri yeyote anaweza.

Ndinda: Sasa?

Nzioka: Sasa kwaya imeshapanda gari, mimi ndiye kiongozi wa—

Ndinda: Waimbe! Nani amewakataza kuimba? Redio inasema huko Nairobi mtaongea Ekaristi na familia. Familia ya nani, Nzioka?

Nzioka: Si rahisi hivyo unavyofikiria. Nikiingia pale, padri wa parokia ataniuliza...

Ndinda: Atakuuliza nini?

Nzioka: [Laini inavuma.]

Ndinda: Atakuuliza mimi ni nani wako. Sema tu.

Nzioka: Kule seminari niliwaambia kwamba wazazi wangu—

Ndinda: Walikufa. Najua. Ati mimi nililetwa kumtunza nyanya. Siku ya upadri wako nilikuwa jikoni nachambua mchele. Mama mmoja mgeni akaniuliza, wewe ndiye mpishi wa hapa? Nikasema ndiyo.

Nzioka: Kwa nini ulisema ndiyo?

Ndinda: Ningesemaje? Wewe ulikuwa umeshasema.

Nzioka: Niliogopa watanirudisha nyumbani. Mtoto wa iweto... niliogopa sana.

Ndinda: Sikupiga simu kukulaumu. Ningetaka kukulaumu ningekuja kwa miguu. Kuna watu hapo karibu na wewe?

Nzioka: Sista Mutindi. Na katekista.

Ndinda: Ndiyo maana toka tuanze kuongea hujaniita mwaitu. Na nyumbani ni mwaitu hii, mwaitu ile, hata ukiomba chumvi.

Opereta: Muda wenu unaisha hapo.

Nzioka: Opereta, tuongezee kidogo!

Ndinda: Nisikie upesi. Ukija, usianzie kwa Kaluki. Pitia hapa unichukue, tuingie boma sisi wawili, mchana, watu wakiona. Ukiingia peke yako hafungui mdomo, hata kama ni wewe. Mimi namjua.

Nzioka: Mchana? Na padri wa parokia je? Na wale akina mama wa kanisa—

Ndinda: Wote waone. Kama huwezi, nenda na kwaya yako, mimi sitakasirika. Nitakasirika, lakini nitanyamaza. Haya, Mungu akuweke.

Nzioka: Ngoja— haloo? Usikate! Haloo!

Sista Mutindi [kwa mbali]: Fatha, dereva anapiga honi. Kwani nani huyo anakugombeza hivyo?

Nzioka: Ni mama yangu.

Sista Mutindi [kwa mbali]: Mama? Si ulituambia—

Nzioka: Niliwadanganya, Sista. Huyu ndiye aliyenizaa. Haloo? Mwaitu? Umesikia? Mwaitu!

Opereta: Fatha, ameshaweka simu chini. Hajasikia.

Nzioka: Mrudishe kwa laini!

Opereta: Posta ya Mbumbuni wanasema ameshatoka. Pole.

Nzioka: Sista, mwambie dereva aende, katekista atashika kwaya. Niletee mafuta ya wagonjwa kutoka sakristia, na funguo ya pikipiki. Naanzia Mbumbuni.