Ndugu Mwenye Goti Aliyeombewa Siku Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliosimama kwa miguu miwili, na asifiwe na mimi ninayesimama leo kwa mguu mmoja na nusu!

Mnanijua. Ni Baba Furaha, wa kiti cha nyuma karibu na hita. Niliishia darasa la saba, kusimama mbele sikuzoea. Haya ninayosoma nimeyaandika mara tatu nikayachana mara mbili, na bado sina hakika kama ni ushuhuda au ni kuungama. Mtaamua ninyi. Nitasema ilivyokuwa.

Kazi yangu ni kuhamisha watu. Mtu akihama nyumba hapa Toronto, mimi na Njoroge ndio tunaobeba friji lake na kabati lake. Miaka kumi na minne nabeba. Mwaka jana goti la kulia likaanza kusaga, kama lina mchanga ndani. Sikumwambia mtu. Si mke wangu, si Njoroge, si msimamizi wetu. Kwenye basi la Don Mills nilikuwa nasubiri watu wote washuke kwanza, wasije wakaniona ninavyong'ang'ania bomba.

Sasa, ndugu zangu, sisi wanaume wanane wa ushirika huu tunacheza ligi ya kwenye simu. Mama zangu, msiniangalie hivyo! Hakuna pesa ndani yake. Anayeshika mkia anawapikia wenzake pilau, basi. Ni mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi. Unachagua wachezaji wa kweli, na wanachokifanya uwanjani Jumapili kinageuka pointi zako. Kabla ya saa saba mchana lazima uwe umeamua nani acheze na nani akae benchi. Wenzangu walinipa kazi ya kuandika mtazamo wa kila wiki, nani anafaa na nani hafai, kwa sababu mimi ndiye mwenye daftari.

Katika timu yangu alikuwemo mbebaji mmoja mkongwe. Jina silitaji, hakunikosea kitu. Kazi ya mbebaji ni kupewa mpira na kujitupa nao kwenye ukuta wa watu. Akisogea hatua kumi, mimi napata pointi moja. Zamani alikuwa anapenya kama maji. Msimu huu alikuwa anagonga ukuta na kulala chini.

Daftari hili hapa. Wiki ya tatu niliandika: "Mbebaji wetu alipewa mpira mara kumi na moja, akasogea hatua ishirini na tatu. Goti limefungwa bandeji. Kwa haki, hata wanaomfungulia njia ni dhaifu. Achezeshwe." Wiki ya tano: "Kijana anayemfuata ni mwepesi, lazima niseme. Lakini mkongwe anajua njia. Achezeshwe."

Njoroge akanijibu kwenye kundi, wote wakisoma: "Buda, huyo mzee ameisha! Mpe kiti na blanketi."

Watu wakacheka. Na mimi nikatuma kicheko. Lakini siku ile chakula kilinishinda, na nilijiambia sijui ni kwa nini.

Wiki ya sita zikaja habari kwamba kocha ataamua Jumapili hiyo kama mkongwe anabaki au anampisha kijana. Jumatano tukawa hapa kwenye maombi, kikapu kikapita. Mnajua desturi yetu: unaandika hoja, na chini unaweka jina lako wewe uliyeileta, ili watu wajue wa kumwuliza. Mkono wangu ukaandika: "Tumwombee ndugu mmoja. Kazi yake ni kubeba. Umri umesogea, goti linamsumbua, vijana wanaichukua nafasi yake. Jumapili hii ndipo itajulikana kama atabaki."

Mama Zawadi, kiongozi wetu wa maombi, akaisoma kwa sauti. Akasema, "Kwa huyu ndugu tutafunga siku tatu."

Siku tatu! Watu wazima, wenye zamu zao za kazi, mliacha kula kwa ajili ya mchezaji wa kwenye simu yangu! Ningesimama pale pale niseme. Sikusimama.

Jumatano iliyofuata Mama Zawadi akaniuliza mbele yenu wote, "Papa Furaha, ule ndugu wa goti, anaendelea namna gani?"

Nikaona kuongeza uongo mwingine ni vibaya. Nikasema ukweli: "Jumapili alikimbia, Mama."

"Alikimbia?"

"Hatua sitini na nane."

Ndugu zangu, mnakumbuka! Ukumbi ulilipuka. Mwenye goti amekimbia! Vigelegele, ngoma, watoto wakaja mbio kutoka chumba cha nyuma kuona kuna nini. Njoroge peke yake, aliyemtambua mkongwe wa ligi, alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Tulipotoka nje akanishika shati. "Buda, wewe utachomwa peke yako. Mimi sikujui."

Nilicheka naye. Lakini moyoni nilikuwa na hofu. Mle ukumbini, mlipokuwa mnashangilia, nilijishika goti langu chini ya koti, nikaona wivu. Naam, wivu! Nilimwonea wivu mtu ambaye hajui kama nimezaliwa.

Jumatatu tukawa Parkdale, tunateremsha friji kutoka orofa ya tatu. Njoroge chini, mimi juu. Anayekaa chini ndiye anayebeba roho mkononi, kwa sababu wa juu akiachia, mzigo wote ni wake. Kwenye kona ya pili goti likagoma. Friji likaniponyoka likamwendea Njoroge. Alilipokea kwa kifua, akabanwa ukutani. Nilimsikia akitafuta pumzi, na sikumwona, friji lilikuwa katikati yetu.

Alipoweza kusema akauliza, "Umeteleza?"

"Nimeteleza."

"Buda, hizi ngazi ni kavu."

Tulimaliza kazi. Na mimi, mtu ninayejivunia kuandika kwa haki hadi makosa ya wachezaji nisiowajua, nilimdanganya mtu niliyekaribia kumuua.

Jumamosi mchana kengele ya chini ikalia. Mama Zawadi! Amekuja na sufuria ya majani ya muhogo, imefungwa kwa kitenge. "Nimemupikia ule ndugu sombe. Unipeleke kwake."

Pale kwetu Flemingdon Park lifti ilikuwa mbovu siku hiyo. Nilishuka kumpokea, nikachukua sufuria, tukaanza kupanda. Kwenye ngazi za pili nikashindwa. Nikakaa chini na sufuria mapajani, na maneno yakatoka yenyewe.

"Mama, nisamehe. Hakuna mgonjwa wa kumpelekea. Ni mchezaji wa mpira. Yuko Marekani."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama muda mrefu. Sitamzidishia wala kumpunguzia: alinikaripia. "Papa, uko na akili? Mama wa zamu za usiku wamefunga, kumbe mupira!" Akatazama tena ile picha. "Huyu naye, hana mama?"

"Anaye, nadhani."

"Basi maombi tuliyomuombea hayakupotea."

Ndipo akafungua Biblia yake akatoa karatasi. Karatasi yangu! Alikuwa anatembea nayo tangu siku ile. Akaisoma polepole, mstari kwa mstari.

"Kazi yake ni kubeba. Wewe unabeba nini?"

"Mafriji, Mama."

"Umri umesogea. Uko na miaka ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Goti linamusumbua." Akaacha kusoma. Akaniwekea mkono kwenye goti la kulia, kabla sijamwambia ni lipi. "Hii ilianza lini?"

Ndugu zangu, nililia. Pale kwenye ngazi, majirani wakipita na mifuko yao ya sokoni, nililia kama mtoto. Kanisa zima lilikuwa limefunga siku tatu kwa ajili yangu, na mimi mwenyewe sikujua! Mungu alipokea barua yenye anwani isiyo sahihi, akaifikisha nyumbani kwa mwenyewe.

Ile sombe tuliila jikoni kwangu, mimi, mke wangu na Mama Zawadi. Ilikuwa chakula cha mgonjwa, na mgonjwa alikula.

Sasa niseme kwa haki. Goti halikupona siku ile. Daktari amesema limelika, na kubeba kwenye ngazi nisibebe tena. Msimamizi niliyekuwa namwogopa alinisikiliza, akanipa kuendesha gari na kupanga mizigo. Saa zimepungua, siwezi kusema hazikupungua. Njoroge nilimwambia yote ndani ya gari. Akasema, "Ungeniua, na bado ningefufuka nije kukuzika wewe kwanza." Akanipiga ngumi ya bega, ikauma, nikaipokea.

Na mkongwe? Wiki iliyofuata alisogea hatua tisa tu. Baadaye akawekwa benchi. Sitasema maombi yalimfanyia hiki au kile, sikupewa kujua. Lakini mtazamo wangu wa mwisho huu hapa: "Mbebaji wetu: wiki hii sina pointi za kumpa wala za kumdai. Ni mtu, ana goti, ana mama. Aombewe."

Ninamshukuru Mungu, nawashukuru ninyi mliokaa na njaa bila kujua ni ya nani. Na wewe uliyekaa hapo, unayeombea kila wiki "rafiki mmoja", "jirani fulani", "ndugu wa mbali", mimi sikuulizi kitu. Mama Zawadi alinirudishia ile karatasi. Nimekata maneno "ndugu mmoja", nimeandika jina langu juu yake, na sasa hivi, mbele ya macho yenu, ninairudisha kikapuni. Kalamu naiacha hapa mezani. Inaandika vizuri.