Mzee Bomba na Mstari wa Maji Matupu

Ninyi mliohamia makao makuu mmeadimika kama maziwa ya kuku. Miti mnayoiandikia taarifa, siku hizi hata kivuli chake hamkikanyagi. Basi sikieni: mwisho wa mwezi huu Mzee Bomba, mpuliza dawa wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Habari ilinikuta nachuma majani ya kupimwa, kapu likanianguka. Mpaka leo halijaniingia akilini.

Alianza kwa kuosha mapipa, akapanda hadi msimamizi wa majaribio ya dawa za utitiri, vile vidudu vyekundu vinavyofyonza majani ya mitufaha. Alipuliza huku akiimba, hata ndege wakahama. Na kujisifu? Hilo hakufundishwa na mtu.

Ilipokuja dawa mpya, alimwapia meneja kwamba itamaliza utitiri wote, inunuliwe ya shamba zima. Kama ilivyo desturi ya majaribio, mstari mmoja ulipulizwa maji matupu, uwe wa kulinganishia. Bomba akaubatiza mstari wa marehemu.

Matunda yalipoanza kunenepa tulipigwa na butwaa. Miti ya dawa ilikuwa na majani ya rangi ya bati lenye kutu. Marehemu wake walikuwa kijani kibichi! Bomba akanishuku mimi, mchota maji, kwamba nimebadilisha mapipa. Meneja akaniambia nikae nyumbani kwanza. Nikakaa, wajukuu wakinitazama mikono.

Bomba akarudia jaribio, mapipa akiyajaza mwenyewe. Mambo yakawa yale yale. Ndipo akageuza majani ya mstari wa maji, akaweka kioo cha kukuzia, akaona utitiri wengine, weupe, wenye mbio, wakiwatafuna wale wekundu. Kwenye miti ya dawa hakubaki hata mweupe mmoja.

Asubuhi nafungua mlango, huyo hapo, bwana majivuno, amevua kofia, na meneja nyuma yake.

"Dada, nimeua askari, nikawaacha wezi. Halafu nikakusingizia wewe. Rudi kazini."

Mdomo wangu huu mnaujua. Siku ile ulisema tu, "Vaa kofia yako," nikabeba ndoo nikawatangulia shambani.

Dawa haikununuliwa, shamba likapona, na mstari wa maji Bomba akaulinda kama mtoto wa mwisho.

Asante, Bomba, mdogo wangu. Kapumzike, magoti yakutii, na mkeo achelewe kukuchoka.

Nanyi mkija, msianzie ofisini. Nendeni mstari wa maji, mgeuze jani, mmtafute yule mweupe anayekimbia. Mkimwona, msimpulizie hata pumzi.